Jaribio na Majaribu

Lugha ya Kiswahili ina neno moja lililozaa watoto wasiofanana. Neno hilo ni jaribu. Mtoto wake mmoja ni jaribio, nalo ni kazi ya mtaalamu atafutaye kujua jambo lisilojulikana. Mtoto wa pili ni majaribu, nayo ni mateso yampatayo mtu yakapima imani yake na subira yake. Jamaa yao wa tatu ni tajiriba, yaani ujuzi abakio nao mtu baada ya kupita katika mambo. Aghalabu jamaa hawa huishi mbalimbali. Jaribio hukaa katika maabara, majaribu hukaa katika nyumba za watu, na tajiriba hukaa katika vichwa vya wazee. Lakini pana mahali ambapo wote watatu hukutana chini ya dari moja. Mahali hapo ni kando ya kitanda cha mgonjwa wa saratani ya ubongo iliyorudi baada ya kutibiwa, siku anapopewa kumeza kidonge ambacho ni watu wachache tu waliopata kukimeza kabla yake.

Si desturi ya wapenda fasihi kuyatazama mambo ya namna hii. Huachiwa matabibu na wanakemia. Hata hivyo hapana jambo la binadamu lisiloihusu lugha, na hili laihusu zaidi ya mengi, kwa kuwa kabla ya kidonge kuingia kinywani hapana budi maneno yatoke vinywani: mmoja aeleze, mwingine aelewe, kisha akubali au akatae. Maneno hayo yakiwa na kasoro, kitendo chote kina kasoro, hata kama kidonge chenyewe ni chema. Ili kulijua jambo hili yafaa kwanza kuujua ugonjwa, kisha dawa, kisha watu walioijaribu.

Saratani za ubongo ni nyingi, lakini iliyo kali kuliko nyingi na inayowapata watu wazima mara kwa mara ni ile iitwayo glioblastoma. Percival Bailey na Harvey Cushing, mabingwa wa Marekani, waliipanga katika ukoo wa magonjwa ya jamii yake katika kitabu chao cha mwaka 1926. Ugonjwa huu haukai ndani ya ubongo kama kokwa ndani ya embe, ambayo huweza kutolewa ikaacha nyama salama. Hukaa kama ndago katika shamba. Mkulima huyaona majani yake akayakata, akadhani amemaliza kazi. Kumbe vinundu viko chini ya udongo, vimetambaa mbali na shina lililoonekana, vinangoja mvua. Vivyo hivyo chembe za glioblastoma hutambaa kati ya chembe njema za ubongo, wala jicho la mpasuaji haliwezi kuzifuata zote.

Palikuwa na mpasuaji mmoja wa Baltimore, Walter Dandy, aliyethubutu kufanya jambo lililowatisha wenzake. Mwaka 1928 alitoa taarifa ya wagonjwa aliowaondolea nusu nzima ya ubongo, upande wa kulia, kwa tamaa kwamba uvimbe ukitolewa pamoja na shamba lake lote hautapata pa kuota. Ujasiri huo haukuushinda ugonjwa. Baadaye ikaja tiba ya mionzi. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 1978, wagonjwa waliopata matunzo ya kawaida baada ya kupasuliwa waliishi wiki 14 kwa wastani, na waliopigwa mionzi waliishi wiki 35 hivi. Mtu asiidharau tofauti hiyo. Wiki 20 ni muda wa kumwoza binti, au kulipa deni, au kupatana na ndugu. Lakini si uponyaji. Ugonjwa hurudi, na aghalabu hurudi karibu na pale pale ulipotolewa. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Huenda hawakuwa na habari za ubongo waliposema hivyo, lakini hapana methali iuelezayo ugonjwa huu vizuri kuliko hiyo.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini ugonjwa huu usipigwe kwa dawa kama zipigwavyo saratani nyingine? Jibu limo katika hekima ya maumbile. Mwaka 1885 Paul Ehrlich, mtaalamu wa Ujerumani, aliona kwamba rangi aliyoitia katika damu ya mnyama ilienea katika viungo vyote, ila ubongo na uti wa mgongo vilibaki bila kushika rangi. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, alifanya kinyume mwaka 1913: alitia rangi katika maji yauzungukayo ubongo, na rangi ikaenea ubongoni bila kutoka kwenda mwilini. Ikajulikana hivi kwamba kati ya damu na ubongo pana ukuta. Mishipa myembamba ya ubongo imeshonwa kwa mshono wa karibu mno, hairuhusu kila kipitacho katika damu kuingia. Ukuta huo ni rehema kwa mtu mzima wa afya, kwa sababu huzuia sumu nyingi. Kwa mgonjwa wa saratani ya ubongo ni rehema iliyogeuka, maana mlinzi yule yule amzuiaye mwizi nje ndiye amlindaye mwizi akiisha kuingia ndani. Dawa nyingi zenye nguvu hufika ukutani zikarudi.

Kwa hiyo iliyotakiwa ilikuwa dawa ndogo kwa umbo, iwezayo kupenya ukuta. Tena ingekuwa heri kama ingemezwa, ili mtu ambaye siku zake zimehesabiwa asizimalize akiwa amefungwa kwenye mpira wa sindano hospitalini. Dawa ya namna hiyo ilizaliwa Birmingham, Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Aston, ndani ya maabara ya Malcolm Stevens, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Stevens na wanafunzi wake walikuwa wakichezea viungo vya kemia vyenye naitrojeni nyingi vilivyopangwa kwa namna isiyo ya kawaida. Walitengeneza kwanza kitu kilichoitwa mitozolomidi. Katika panya kilifanya maajabu, kikaondoa uvimbe wa aina nyingi. Kilipofika kwa watu kilidhuru uboho, yaani kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa, kikapunguza vibaya chembe zinazogandisha damu, tena kwa namna isiyotabirika: huyu alivumilia, yule akaumia kwa kipimo hicho hicho. Kikaachwa.

Hapa pana somo la kwanza la jaribio. Panya si mtu. Kitu kilichomponya panya chaweza kumwua mtu, na hapana hesabu ya maabara iwezayo kulijua hilo kwa yakini kabla mtu hajakimeza. Hekima yote ya kemia hufika mahali ikasimama, na mbele yake pana pengo ambalo halivukiki ila kwa mwili wa mtu. Hili ni jambo zito. Dawa kali zilizomo katika makabati ya hospitali za dunia zilipata mtu wa kwanza, ambaye alizipokea wakati hapana ajuaye zingemfanya nini.

Ndugu yake mitozolomidi aliitwa temozolomidi. Tofauti yao kwa umbo ilikuwa ndogo: mkia mmoja wa kemia ulibadilishwa ukawekwa mwingine mfupi. Kitu hiki kilikuwa na tabia nzuri. Katika uchachu wa tumbo hukaa kizima, hakivunjiki, kwa hiyo huweza kumezwa kikapita salama. Kikifika katika damu, ambayo haina uchachu huo, hufunguka chenyewe, bila kuhitaji kuvunjwavunjwa na ini. Katika kufunguka kwake hutoa kipande kidogo sana kiitwacho methili, nacho hujibandika juu ya maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe, hasa juu ya herufi moja iitwayo guanini. Chembe ya saratani inapotaka kujigawa huanza kuyanakili maandishi yake. Ikifika kwenye herufi iliyobandikwa husoma vibaya, hujaribu kusahihisha, husoma vibaya tena, na mwisho hujimaliza kwa kusahihisha kusikokwisha. Ni kama mwandishi aliyepewa kitabu chenye doa juu ya neno moja, akawa anaandika na kufuta hata karatasi ikatoboka.

Baada ya mitozolomidi, palihitajika moyo kumpelekea mtu ndugu wa kitu kilichokwisha kudhuru watu. Kazi hiyo ilifanyika London, katika hospitali ya Charing Cross, chini ya Edward Newlands na wenzake, kuanzia mwaka 1987. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1992. Namna waliyoifuata yastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa watu wengi wasikiapo neno jaribio la dawa hudhani kwamba lengo la mwanzo ni kuponya. Sivyo. Lengo la hatua ya kwanza ni kujua kipimo: ni kiasi gani mwili waweza kuchukua kabla haujalemewa.

Desturi ya majaribio kama hayo ni kupanda ngazi. Wagonjwa wachache, aghalabu watatu watatu, hupewa kipimo kidogo. Wakivumilia, wanaofuata hupewa kikubwa zaidi, kisha kikubwa zaidi, mpaka madhara yasiyovumilika yaonekane. Hapo ngazi husimama, na kipimo kilicho chini yake kidogo ndicho kinachochukuliwa kuwa cha haki. Katika London walianza kwa kutia dawa katika mshipa, kwa miligramu 50 kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la mwili, wakapanda hadi 200; kisha wakaigeuza kuwa ya kumezwa, wakapanda hadi 1,200. Wagonjwa 51 walipita katika njia hiyo. Kilichoweka mpaka ni uboho. Tena ikajulikana kwamba dawa iliyomezwa hufika katika damu karibu yote, sawa na ile iliyotiwa mshipani, basi sindano haikuwa na lazima.

Baada ya hapo wakabadili mpango. Badala ya kipimo kizima kwa siku moja, walikigawa kwa siku 5 mfululizo, wakawapa wagonjwa wengine 42. Katika mpango huu ndipo dalili za kufaa zilipoonekana. Miongoni mwa wagonjwa 23 wa saratani ya ngozi iitwayo melanoma, wanne uvimbe wao ulipungua au kutoweka. Na wagonjwa wawili wa saratani kali ya ubongo iliyokuwa imerudi, uvimbe wao ulipungua. Wawili tu. Lakini katika ugonjwa ule ambao karibu kila kitu kilikuwa kimerudi ukutani mikono mitupu, wawili walitosha kuwainua vichwa walioisoma taarifa. Mwaka 1993 madaktari wa London walieleza habari za wagonjwa 28 wa uvimbe wa ubongo. Kati ya 10 ambao ugonjwa uliwarudia baada ya mionzi, 5 walipata nafuu kubwa iliyoonekana katika picha za ubongo.

Sasa na watazamwe watu wenyewe, kwa kuwa taarifa huwataja kwa hesabu tu. Mpanda ngazi hushuka, husema methali, nayo hutumika kuwaonya wenye kiburi. Katika jaribio la hatua ya kwanza ngazi hupandwa na watu wengi, lakini kila mmoja husimama juu ya kidato kimoja tu, wala hachagui kidato chake. Anayesimama chini hupewa kiasi ambacho yamkini ni kidogo mno kumfaa. Anayesimama juu hupewa kiasi kilicho kikubwa mno kumwacha salama. Kati yao ni wachache ambao kipimo chao huangukia penye faida. Wale 51 wa kwanza waliwafundisha matabibu kiasi gani mwili huchukua, na kwa namna hiyo wakawafungulia njia wale 42 wa pili. Kama kipimo cha leo ni nyumba, wao ni mawe ya msingi, na jiwe la msingi halionekani na apangaye nyumbani.

Je, ni haki kumwomba mtu awe jiwe la msingi? Na tena mtu aliye mgonjwa, aliyekwisha kupasuliwa kichwa na kupigwa mionzi, ambaye ugonjwa wake umerudi? Wapo wasemao si haki. Husema kwamba mtu aliye katika dhiki hana hiari. Anayezama hushika maji, na ukimpa karatasi aitie saini kabla ya kumtupia kamba, saini hiyo haina maana. Hoja hii ina nguvu. Dunia haikuanza kuidai ridhaa ya mtu katika majaribio ila baada ya kuona ubaya wa kuikosa: kanuni zilizotoka Nuremberg mwaka 1947, baada ya hukumu ya madaktari wa Hitler, ziliiweka ridhaa kuwa sharti la kwanza, na Azimio la Helsinki la mwaka 1964 likaieneza kanuni hiyo kwa matabibu wote.

Wapo wasemao ni haki, na hoja yao nayo haikosi nguvu. Husema kwamba kumnyima mgonjwa nafasi ya kuchagua kwa sababu yu mgonjwa ni kumwua kabla hajafa. Yeye bado ni mtu, bado ana akili, bado ana mali moja ya kutoa ambayo matajiri hawana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 uliyatazama majaribio 460 ya hatua ya kwanza ya dawa za saratani yaliyofanywa kati ya 1991 na 2002, yenye wagonjwa karibu 12,000. Uvimbe ulipungua kwa wagonjwa 10.6 katika kila 100, na waliokufa kwa madhara ya dawa yenyewe walikuwa 0.49 katika kila 100. Mwenye akili timamu aweza kuitazama mizani hiyo akasema, na niingie. Mwingine aweza kuitazama hiyo hiyo akasema, niacheni nife nyumbani kwangu. Wote wawili ni wenye hekima. Asiye na hekima ni yule anayewaficha mizani.

Hapa ndipo lugha inapoitwa kutoa ushahidi. Mwaka 1982 wataalamu wa Marekani walitoa jina kwa kosa ambalo wagonjwa wengi hulifanya: mtu huambiwa wazi kwamba anaingia katika utafiti, huitikia, hutia saini, kisha moyoni hubaki akiamini kwamba kila anachofanyiwa kimechaguliwa kwa ajili ya kumponya yeye. Masikio yake yamesikia jaribio. Moyo wake umesikia tiba. Kosa hili si la wajinga peke yao. Huwapata wasomi na mawakili, kwa maana tumaini halina elimu.

Katika Kiswahili kosa hilo lina mlango mpana zaidi, na mlango huo ni neno dawa. Mswahili asemapo dawa amekwisha kuahidi. Dawa ya kikohozi ni kitu kinachoondoa kikohozi. Dawa ya mbu ni kitu kinachoondoa mbu. Hata ugomvi una dawa yake, na dawa ya moto ni moto. Neno hili halijui shaka. Basi tabibu anaposema, tunataka kukupa dawa mpya tuijaribu, sentensi yake imejipinga yenyewe: nusu ya mwisho inasema hatujui, na nusu ya mwanzo imekwisha kusema tunajua. Mgonjwa huishika nusu ya mwanzo. Si kosa lake, ni kosa la sentensi. Kitu kilichomo katika jaribio la hatua ya kwanza bado hakijawa dawa. Ni kitu kinachotafutiwa cheo cha kuitwa dawa. Anayetaka kusema kweli aseme hivi: hiki ni kitu ambacho hatujajua kama ni dawa, tunatafuta kwanza kujua ni kiasi gani kinaweza kuingia mwilini bila kudhuru kupita kiasi, huenda kikakufaa, na yaelekea zaidi kwamba hakitakufaa, lakini utakalotuonyesha litawafaa wajao. Maneno ni mengi, na ni mazito kuyatamka mbele ya mtu mwenye macho ya kusihi. Lakini ndiyo maneno yenye heshima.

Yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya Birmingham na London, mbali na mwambao na bara ya Afrika ya Mashariki. Asemaye hivyo amesahau Kampala. Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa mataya ya watoto ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Na mwaka 1967 ikaanzishwa pale Mulago taasisi ya saratani ya Uganda, ambako tiba za dawa kwa watoto wa maradhi hayo zilijaribiwa kwa uangalifu, na matokeo yake yakasomwa dunia nzima. Tajiriba iliyopatikana kutoka katika miili ya watoto wa Uganda ilisaidia kufundisha ulimwengu kwamba saratani yaweza kupigwa kwa dawa zaidi ya moja kwa pamoja. Kwa hiyo wenyeji wa nchi hizi si wageni katika ngazi hii. Wamekwisha kuipanda, na wataipanda tena, na siku hiyo karatasi ya ridhaa itaandikwa kwa lugha zao. Ni nani atakayeiandika? Ikiwa wasomi wa Kiswahili wataona kwamba kazi hiyo ni ndogo kuliko kuhakiki tenzi, basi itaandikwa na mtu mwenye kamusi na haraka, na neno dawa litakaa pale juu, katika mstari wa kwanza.

Hadithi ya kidonge haikuishia mwaka 1993. Mwaka 1999 temozolomidi ilipata kibali cha serikali Marekani na katika nchi za umoja wa Ulaya kwa saratani kali za ubongo zilizorudi. Mwaka 2000 ilichapishwa habari ya wagonjwa 225 wa glioblastoma iliyorudi mara ya kwanza: baada ya miezi 6, waliokuwa bado ugonjwa haujaendelea walikuwa 21 katika kila 100 kwa waliopewa temozolomidi, na 8 katika kila 100 kwa waliopewa dawa ya zamani. Mwaka 2005 Roger Stupp na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa wapya 573. Waliopigwa mionzi peke yake waliishi miezi 12.1 kwa wastani. Waliopigwa mionzi na kumeza temozolomidi waliishi miezi 14.6. Waliofika miaka 2 walikuwa 10.4 katika kila 100 upande wa kwanza, na 26.5 upande wa pili. Waliofika miaka 5 walikuwa 1.9 na 9.8. Kwa mpango huo wa mionzi na vidonge, temozolomidi ikawa tiba ya kawaida ya ugonjwa huu duniani.

Mwaka huo huo wa 2005 ilielezwa pia kwa nini kidonge humfaa huyu kuliko yule. Ndani ya chembe pana fundi, protini iitwayo MGMT, ambaye kazi yake ni kubandua kile kipande cha methili na kuyasafisha maandishi. Katika uvimbe wa wagonjwa wengine fundi huyu amefungiwa asizaliwe, na hao ndio wafaidio zaidi: walioupata mpango wa mionzi na vidonge waliishi miezi 21.7 kwa wastani, hali wenzao ambao fundi wao yu hai waliishi miezi 12.7. Wale wawili wa London ambao uvimbe wao ulipungua, na wengine ambao haukupungua, huenda walitofautiana kwa jambo ambalo hapana mtu aliyelijua siku ile. Waliingia katika giza moja, na giza hilo lilikuwa na milango miwili. Vidonge vingine vimekuja baadaye kwa njia ile ile ya ngazi. Mwaka 2024 vorasidenibu ilipata kibali Marekani kwa uvimbe wa ubongo uendao polepole wenye kasoro maalumu ya urithi, nao wagonjwa wake humeza mara moja kwa siku.

Miezi 12.1 na miezi 14.6: msomaji mwenye haraka aweza kucheka. Aweza kuuliza kama kazi ya miaka ishirini na zaidi, na maumivu ya watu wote wale, yastahili malipo ya miezi miwili na nusu. Lakini wastani ni mzungumzaji asiyeaminika. Huwachukua waliokufa mapema na walioishi miaka, akawatia katika kikapu kimoja, akatoa namba isiyo ya yeyote. Chini ya namba hiyo kuna watu karibu 10 katika 100 waliofika mwaka wa tano, ambao zamani wangekuwa 2. Mmoja wao aliona mwanawe akianza shule. Hawezi kumshukuru aliyemwezesha, kwa kuwa aliyemwezesha alikufa pengine mwaka 1988 au 1989, baada ya kumeza kipimo kisichomfaa, na jina lake halikuandikwa popote pawezapo kusomwa.

Kuna msemo usemao, kufa kufaana. Watu huusema kwa uchungu na kejeli, wakimaanisha mrithi anayefurahia mauti ya mwingine. Lakini msemo huo una uso wa pili ambao haujatazamwa vya kutosha. Yupo mtu ambaye, akijua kwamba atakufa, anakubali kifo chake kimfae mwingine asiyemjua, ambaye huenda hajazaliwa, wa nchi asiyopata kuiona. Huyu hakunyang'anywa, alitoa. Ila lazima awe amejua anachotoa. Aliyedanganywa hakutoa kitu, ameibiwa tu, hata kama aliyeiba alikuwa na nia njema na mikono safi.

Ridhaa na radhi ni maneno ya asili moja. Ridhaa huombwa kabla ya tendo, na radhi huombwa baada yake. Tabibu anayetafuta kipimo huomba ridhaa ya mgonjwa kwa karatasi na saini. Wafaidio, ambao ni watu wote, hawana tena wa kumwomba radhi, maana aliyepaswa kuombwa hayupo. Kilichobaki mikononi mwao ni kuhakikisha kwamba anayefuata kupanda ngazi ataambiwa ukweli kwa lugha anayoielewa, atapewa muda wa kufikiri na jamaa zake, na akikataa hatapunguziwa matunzo wala heshima. Majaribu yake hayawezi kuondolewa na mtu. Jaribio laweza kufanywa kwa haki. Na tajiriba itakayopatikana ikumbukwe ni ya nani.